Uvimbe wa upande mmoja puani: mwongozo kamili wa kuupima na kuutibu ili usirudi

Pua moja imeziba miezi minane. Mgonjwa amepewa vidonge vya mzio, kisha dawa ya kupulizia, kisha mtu akamulika, akaona kitu kinang'aa ndani, akaandika "nyama za puani" na kukivuta kwa kitanzi. Mwaka haujaisha, kimerudi. Mara nyingi mkono wa mpasuaji hauna shida. Mpangilio ndio mbovu: kimekatwa kabla ya kupigwa picha, na mzizi umeachwa ndani.

Kanuni ya kushika ni moja. Nyama za puani za kawaida huota pande zote mbili. Kitu kilichoota upande mmoja ni uvimbe usiojulikana mpaka picha na maabara viseme vingine.

Hatua ya 1 hadi ya 5 ni za tabibu na daktari wa hospitali ya wilaya au mkoa. Kuanzia ya 6 ni kazi ya bingwa wa pua, koo na masikio, lakini anayetoa rufaa azisome pia, maana mgonjwa atarudi kwake.

## Uvimbe tunaouzungumzia

Papiloma iliyopinduka. Hukua kuelekea ndani ya tishu badala ya kuchomoza nje, ndiyo asili ya jina. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 50 na kuendelea. Si saratani, lakini hula mfupa, hurudi, na katika ripoti nyingi wagonjwa 5 hadi 15 kwa kila 100 hukutwa na saratani ndani yake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inauhusu.

Anjiofibroma ya vijana. Ni ya wavulana, kuanzia balehe hadi miaka ya ishirini ya mwanzo. Huanzia nyuma kabisa ya pua, karibu na tundu dogo inapoingilia ateri ya pua. Umejaa mishipa isiyo na misuli ya kujibana, hivyo ukikwaruzwa damu haikatiki kirahisi.

Hemanjioma. Kinundu chekundu, mara nyingi kwenye ukuta wa kati wa pua kwa mbele, kinachotoka damu ovyo. Wajawazito huupata sana.

Osteoma. Ni mfupa mtupu, hasa kwenye sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa) ya paji la uso. Wengi hugunduliwa kwa bahati kwenye CT (eksirei ya mikato) ya sababu nyingine. Usiposumbua, uache na urudie picha baada ya mwaka 1 au 2. Basi.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Taa ya kichwani. Tochi ya simu inakula mkono mmoja na mwanga wake haufuati jicho.
- Spekulamu ya pua, ndogo na kubwa.
- Endoskopu (mrija wa kuangalia ndani ya pua) ngumu ya nyuzi 0, unene wa mm 4. Kwa mtoto mm 2.7.
- Oksimetazolini 0.05% (hubana mishipa ya pua) na lignokeini 4% (ganzi) ya kupaka.
- Mashine ya kufyonzea na mrija mwembamba.
- Probu butu, na koleo la kunyofolea.
- Shashi yenye vaselini, kateta ya Foley (mrija wenye puto nchani) namba 12 au 14, na asidi ya traneksamiki (ya kukata damu) ya sindano. Viwe mezani kabla hujagusa pua.
- Chupa za mdomo mpana na fomalini 10% yenye bafa: sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya bafa. Wapo wanaomimina ya dukani ilivyo. Hiyo inakausha kipande nje huku ndani kikioza.

## Hatua ya 1: Uliza maswali yanayobadilisha njia

Anza na upande. Ni pua ileile siku zote, au inahama? Inayohamahama, leo kulia kesho kushoto, mara nyingi ni mzio. Inayoganda upande mmoja wiki baada ya wiki inataka kuangaliwa ndani.

Kisha uliza damu. Muhina (damu ya puani) wa mara kwa mara kwa mvulana wa miaka 14 mwenye pua iliyoziba ni anjiofibroma mpaka ithibitike vingine. Muhina kwa mjamzito mwenye kinundu cha mbele una tafsiri nyingine kabisa.

Uliza kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa pua, wapi, na majibu ya maabara yalisemaje. Wengi watajibu kwamba "nyama" ilitolewa na haikupelekwa popote. Liandike hilo.

Dalili za kukimbiza rufaa: shavu lenye ganzi, jino la juu linalolegea bila kuoza, jicho linalotokeza au kuona viwili, machozi yasiyokauka upande huo, maumivu makali, tezi za shingo. Hizi zinaelekeza kwenye saratani, na wiki mbili za antibayotiki hapo ni wiki mbili zilizopotea.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja: upande, muda, damu ipo au haipo, umri, jinsia, upasuaji wa nyuma.

## Hatua ya 2: Angalia mara mbili, kabla na baada ya dawa

Mkalishe mgonjwa wima. Angalia kwanza pua ilivyo, kisha weka vipande vya pamba vyenye oksimetazolini na lignokeini na usubiri dakika 10 kamili. Dakika 10 zinaonekana nyingi kliniki ikiwa imejaa, lakini ukiingia mapema utaona konka (mkunjo wa kawaida wa ukuta wa pua) iliyovimba na kuiita uvimbe. Hilo ni kosa la kila wiki.

Lignokeini isizidi mg 3 kwa kilo. Ya 4% ina mg 40 kwa ml, hivyo mtu wa kilo 60 haruhusiwi kupita ml 4.5. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa apimwe kwanza, maana oksimetazolini hulipandisha.

Sasa pitisha endoskopu kwenye sakafu ya pua mpaka nyuma, kisha irudishe ukiangalia juu, chini ya konka ya kati. Linganisha unachokiona:

- Polipu ya kawaida (ndiyo nyama ya puani): rangi ya kijivu, nyororo, mwanga unapenya kama kwenye zabibu iliyomenywa.
- Papiloma iliyopinduka: rangi ya waridi au kijivu, imara, yenye vijinundu vilivyosongamana kama tunda la forosadi. Wakati mwingine hufunikwa na polipu za kawaida kwa mbele, na hapo ndipo wengi hudanganyika.
- Anjiofibroma: laini juu, nyekundu hadi zambarau, iko nyuma, na unaweza kuona mishipa ikitambaa juu yake.
- Hemanjioma: nyekundu iliyoiva, mbele, inatoka damu ukiipumulia tu.
- Utando wa ubongo ulioshuka puani: hudunda na huvimba mtoto akilia. Huu si uvimbe wa kukata.

Angalia pia mdomo, macho, masikio na shingo. Sikio lenye majimaji nyuma ya ngoma, upande mmoja, kwa mtu mzima, linasema kuna kitu kinaziba nyuma ya pua.

Usisahau wanaofanana nao. Rinosporidiosisi (maambukizi ya kimelea) huonekana kama stroberi yenye vidoadoa vyeupe. Rinoskleroma (maambukizi ya bakteria) hukaza pua taratibu mpaka ikawa ngumu. Na kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye uchafu unaonuka upande mmoja, tafuta kwanza shanga, punje ya mahindi au betri ndogo ya saa. Betri itolewe saa hiyohiyo, haisubiri picha.

## Hatua ya 3: Gusa kwa probu, au usiguse kabisa

Probu butu inajibu maswali matatu: laini au ngumu, kinauma au hakiumi, kimeshikia wapi. Polipu husukumika na mgonjwa hahisi kitu. Konka huuma. Papiloma hukataa kusogea upande uliko mzizi wake.

Onyo: usimguse kijana wa kiume mwenye muhina na uvimbe mwekundu wa nyuma. Wala usiguse kinachodunda. Andika ulichoona na uende hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Picha kwanza, kisu baadaye

Eksirei ya kawaida ya sainasi itakuonyesha weupe upande mmoja, jambo ambalo tayari unalijua. Pesa hiyo mgonjwa aitunzie nauli ya kwenda kwenye CT.

Omba CT ya pua na sainasi, vipande vya mm 1 au vyembamba zaidi, dirisha la mfupa, mikato mitatu: ya mbele, ya juu na ya ubavu. Ukiandika "CT ya kichwa" utaletewa picha ya ubongo yenye vipande vinene vya mm 5, na itabidi irudiwe. Ukishuku anjiofibroma, omba na dawa ya kung'arisha mishipa, na upime kreatinini (kipimo cha figo) kwanza.

Picha ikija, isome kwa mpangilio huu:

1. Kitako cha fuvu. Kuna tundu juu ya uvimbe? Kama lipo, hakuna kunyofoa kinyama mpaka MRI (picha ya sumaku) ipigwe.
2. Ukuta wa nyuma wa sainasi ya taya. Ukisukumwa mbele kama upinde kwa kijana wa kiume, hiyo ni alama ya Holman na Miller, inayojulikana tangu 1965. Tazama na tundu la ateri ya pua kama limepanuka.
3. Mfupa ulionenepa mahali pamoja. Hapa panahitaji jicho la subira. Papiloma hukaza na kunenepesha mfupa pale ulipo mzizi wake. Unaweza kukuta sainasi nzima imejaa weupe, lakini kwenye ukuta mmoja kuna kijiti au kichuguu kidogo cha mfupa kinachoelekea katikati ya uvimbe. Hapo ndipo pa kwenda kusaga.
4. Mfupa ulioliwa. Kusukumwa na kukonda ni kawaida ya uvimbe unaokua polepole. Kutafunwa bila mpaka ni dalili mbaya.
5. Ukuta wa jicho. Upo mzima au umevunjika?

CT haitenganishi vizuri uvimbe na kamasi lililonaswa nyuma yake. MRI inatenganisha: kamasi hung'aa sawasawa, papiloma huonyesha mistari ya mikunjo kama ya ubongo. MRI ikiwa mbali na uvimbe ni mdogo, unaweza kuendelea bila hiyo. Uvimbe ukigusa fuvu au jicho, mgonjwa aifuate.

## Hatua ya 5: Kunyofoa kinyama cha kupima

Kinanyofolewa kliniki endapo tu CT imeonekana, uvimbe haudundi, hauna sura ya mishipa, na mgonjwa si kijana wa kiume mwenye muhina. Anjiofibroma haihitaji kinyama kabla ya upasuaji. Umri, jinsia na picha vinatosha.

Paka ganzi. Sukuma kando polipu zilizotangulia mbele, kisha nyofoa vipande 3 au 4 kutoka sehemu tofauti, kwa ndani. Kipande kimoja cha juujuu ndicho kinacholeta jibu la "polipu ya kawaida", na mgonjwa anarudi nyumbani na papiloma yake.

Weka vipande kwenye fomalini mara moja. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kipande: cha ml 1, fomalini ml 10. Usivifunge kwenye shashi, vitakauka. Usiviweke kwenye maji ya dripu mpaka kesho, vitaoza. Usivibane kwa meno ya koleo ukivitoa. Seli zikipondwa hakuna mtaalamu wa patholojia atakayezisoma.

Bandika jina kwenye chupa yenyewe. Mifuniko hubadilishana maabara.

Kwenye fomu andika umri, jinsia, upande, mahali kinyama kilipotoka, CT imeonyesha nini, na upasuaji wa nyuma. Neno "uvimbe wa pua" peke yake halimsaidii anayekaa kwenye darubini.

Damu isipokoma: bana pua na uinamishe kichwa mbele kwa dakika 10, weka pamba yenye oksimetazolini, kisha paki shashi ya vaselini. Ikiendelea kushuka kooni, pitisha kateta ya Foley kwenye sakafu ya pua mpaka uione nyuma ya kimio, jaza puto kwa maji safi ya sindano ml 5 hadi 10, vuta mbele ikaze, ibane kwa klipu, kisha paki mbele. Weka pedi ya shashi kati ya klipu na ukingo wa tundu la pua. Bila pedi, ngozi hapo hufa kwa saa chache. Traneksamiki gramu 1 kwa mshipa, taratibu kwa dakika 10, husaidia kwa mtu mzima.

Majibu yasipolingana na picha: maabara wakisema polipu ya kawaida na CT inaonyesha mfupa uliokaza mahali pamoja, simama na CT. Nyofoa tena, kwa ndani zaidi.

## Hatua ya 6: Panga daraja na mahali pa kupasulia

Papiloma hupangwa kwa mfumo wa Krouse wa mwaka 2000. Daraja la 1 liko puani tu. La 2 limeingia sainasi ya ethmoidi (kati ya macho), au sehemu ya ndani au ya juu ya sainasi ya taya. La 3 limefika kuta nyingine za taya, au sainasi ya paji au ya sfenoidi (nyuma kabisa ya pua). La 4 limetoka nje ya pua na sainasi, au limeshika saratani.

Daraja la 1 na la 2 ni za bingwa yeyote mwenye endoskopu na mazoezi nayo. La 3 linataka drili na mikono iliyozoea. La 4, na kila anjiofibroma, ziende hospitali kubwa ya rufaa yenye damu, uangalizi maalumu na, ikiwezekana, radiolojia ya kuziba mishipa. Kwa Tanzania huduma hiyo ipo Muhimbili. Rufaa ibebe CT yenyewe kwenye diski, kwa sababu karatasi ya ripoti haimwonyeshi mpasuaji mzizi.

## Hatua ya 7: Upasuaji

Maandalizi. Hemoglobini, kundi la damu, chembe sahani na vipimo vya kuganda. Aspirini isimamishwe siku 7 kabla, kwa idhini ya daktari wa moyo kama ipo kwa ajili ya moyo. Chupa za damu zilizolinganishwa ziwepo: kwa anjiofibroma zisipungue 2, na uvimbe mkubwa unataka zaidi.

Nusukaputi. Kichwa kiinuliwe nyuzi 15 hadi 20, shinikizo la wastani likae 60 hadi 70 mmHg kwa mtu asiye na presha, mapigo karibu 60. Uwanja mkavu ndio unaomwezesha mpasuaji kuona mpaka wa uvimbe. Shashi ya kooni iandikwe ubaoni, na isomwe kwa sauti inapotolewa.

Onyo la adrenalini. Ya 1:1000 ni ya kulowesha pamba tu. Iwekwe kwenye bakuli, itiwe rangi, wala isiingie kwenye bomba la sindano kamwe. Ya kuchoma ni 1:100,000 ndani ya lignokeini 1%. Mabomba mawili yanayofanana juu ya meza moja yanatosha kusimamisha moyo.

Kwa papiloma:

1. Punguza uvimbe kutoka katikati mpaka uone uliposhikia. Tishu yote ikusanywe kwenye kichujio cha mashine ya kufyonza na iende maabara *yote*. Saratani inaweza kujificha kwenye kipande kimoja.
2. Ukiufikia mzizi, chora duara pembeni yake kwenye utando mzima, kisha bandua utando pamoja na ngozi ya mfupa.
3. Saga mfupa ulio chini kwa drili ya almasi mpaka ubaki mweupe na laini. Papiloma hupenya kwenye vijishimo vya mfupa, na hatua hii ikirukwa ndipo unaporudi.
4. Kingo zipelekwe maabara kwenye chupa tofauti zenye namba.
5. Andika kwenye ripoti mzizi ulikuwa ukuta gani. Chora hata kwa mkono.

Mzizi ukiwa kwenye ukuta wa mbele au sakafu ya sainasi ya taya, tundu la kawaida la sainasi halikufikishi huko. Ukuta wa ndani wa sainasi utolewe, au ipitiwe njia ya mbele ya mfereji wa machozi. Kukwangua kwa kubahatisha na kifaa kilichopinda ni kuupa uvimbe miadi ya kurudi.

Kwa anjiofibroma: mishipa izibwe saa 24 hadi 72 kabla ya kupasua. Ukichelewa zaidi ya hapo, mishipa mingine huanza kuulisha. Pasipo huduma hiyo, mpasuaji hufunga ateri inayoulisha kabla ya kuubandua.

Kwa hemanjioma: ikatwe pamoja na shina na utando kidogo uliouzunguka. Usichome pande zote mbili za ukuta wa kati siku moja, utatoboka. Kwa mjamzito, damu ikidhibitika, subiri ajifungue; nyingi husinyaa zenyewe.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za mwanzo

Paki (shashi iliyojazwa puani) itolewe saa 24 hadi 48. Mgonjwa asipenge kamasi kwa wiki 2, na akipiga chafya afungue mdomo.

Kuosha pua kuanze paki ikitoka, isipokuwa kama kitako cha fuvu kilizibwa. Maji yachemshwe yakapoe, lita 1 kwa gramu 9 za chumvi. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai. Aoshe mara 3 hadi 4 kwa siku. Magamba yatatoka makubwa na ya kutisha. Mwambie mapema, la sivyo ataacha.

Arudi usiku huohuo jicho likivimba ghafla, kuuma au kupoteza nuru. Hapo paki hutolewa na kona ya nje ya jicho hukatwa kupunguza shinikizo. Kila dakika ina maana. Arudi siku hiyohiyo maji maangavu yakidondoka pua moja anapoinama, au shingo ikikaza na homa.

## Hatua ya 9: Kufuatilia

Endoskopu wiki ya 1 au 2, wiki ya 6, kisha kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka. Papiloma nyingi zinazorudi hufanya hivyo ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, lakini zipo zinazongoja sana. Mgonjwa hatazisikia, pua iliyopanuliwa kwa upasuaji huwa wazi hata uvimbe ukiwa na sentimita moja.

Kila ziara, anza na mahali mzizi ulipokuwa. Gamba huoshwa na maji likatoka. Kinundu chenye rangi ya waridi kisichotoka, hata cha mm 3, kinyofolewe siku hiyo.

Na mpe mgonjwa karatasi yake mwenyewe yenye mistari minne: jina la uvimbe, upande, ukuta uliokuwa na mzizi, tarehe ya upasuaji. Akihama kutoka Mbeya kwenda Mombasa, daktari wa huko atajua pa kuelekeza endoskopu.